Zéphirin na Motoka Yenye Kulia Paka Nikiikala

Sikuomba kuandika hii maneno. Noëlla wa chorale ya kanisa njo ananisumbua. Asema eko nakusanya maisha ya batu ya kwetu, bale benye kuvuka lac, ile ziwa kubwa, toka Congo na kubakia huku Nchelenge, atayatia yote mu kitabu. Nikamuambia, kitabu ya nini? Batu si beko? Banapita mu njia kila siku, ubasimamishe, ubaulize. Akacheka. Asema, « Mama Félix, andika ya Zéphirin. Weye njo unamujua kupita bote. » Akaniachia karatasi na bic, akaenda zake. Na bic yenyewe inatapika wino.

Kumujua Zéphirin! Nani anamujua? Mi namujua sawa vile unajua mutu mwenye kulaka ku meza yako. Najua anapenda bukari, ugali yetu, ya moto, na samaki ya makobo ya kukaanga. Najua anaimbaka mubaya sana mu kanisa, na hasikie haya. Lakini kitu yenye iko mu kichwa yake, hapana. Na ile mambo ya motoka, ata leo haijaniingia muzuri. Nitaandika vile niliona. Fasi, pahali yenye mi nilipotea, na weye utapotea, usinilaumu.

Zéphirin ni mutu wa Kilwa, ng'ambo ya Congo. Baba yake alikuwaka anashona nyavu. Yeye akakataa sindano, akaenda kuikala na benye moteur za bwato. Hakusomea fasi yoyote. Alianza na kushika ngafi, ule mubao wa kusukumia bwato, alafu bakamupa bidon ya essence, mafuta ya moteur, ashike. Siku moja mwenye moteur akalewa, bwato iko katikati ya mayi, moteur ikakufa, batu beko nalia. Zéphirin akafungula, akatosha bougie, ile plagi ya kuwashia moto, akaipanguza na chemise ya mwilini, akairudisha. Moteur ikawaka. Toka ile siku akajiita mécanicien, fundi ya moteur, na hakuna mutu alimukataza.

Vita ilipobakuta, akavuka na muke yake Delphine na batoto, bakafikia ku kambi ya bakimbizi ya Kenani pamoja na ule mulongo mukubwa wa batu ya mwaka wa 2017. Miye sikuya na vita. Mi nilikuya zamani, na biashara ya samaki, nataka batu bajue ile. Toka Kenani bakabapeleka ku makao ya bakimbizi ya Mantapala, bakabapa shamba. Zéphirin asema alilima muzuri. Delphine asema hapana, alikuwaka anasimama katikati ya muhogo na jembe mukononi, anasikiliza kama kuko moteur inapita mbali.

Tulikutana ku kisiwa cha Chisenga. Nilikuwa nimeenda kununua chisense, dagaa ya kwetu, ku kambi ya bavuvi, na saa ya kurudi bwato yetu ikakataa kuwaka. Mutu mumoja mufupi, na kofia ya manyoya mu jua kali, akaingia mu bwato bila kuitwa. Akatia mubao ya ngafi pa moteur, na mupini yake akaitia ku sikio.

« We baba, unafanya nini? » nikamuuliza.

« Nasikiliza, maman. Inauma ku upande wa kushoto. »

Nikasema, uyu ni wazimu. Lakini alitengeneza, na tukafika Kashikishi, kwetu hapa Nchelenge, jua ingali juu. Mu bwato nikamuambia, mi niko na motoka, dereva yangu anakunywaka franga, pesa zangu, mu pombe. Asema, « Mi sikunywake, maman. Lakini sijatumika na motoka. »

« Moteur si moteur? »

Akafikiri. « Moteur ni moteur, » akasema.

Vile tu. Alijifunza kuendesha mu muchanga ya ku bandari, akavunja meza ya rafiki yangu Arlène ya kuanikia samaki, akapata karatasi yake ya dereva, na Delphine na batoto bakakuya kuikala mu nyumba ya nyuma ya kwangu. Batoto bakaingia masomo hapa. Njo vile akakuwa mutu wa kwangu.

Sasa motoka. Ni kaminibus ka zamani. Moteur yake haiko mbele sawa motoka ya batu bengine, iko chini ya biti bya mbele. Ukitaka kuiona, dereva ashuke, mwenye kuikala pembeni yake ashuke, unavuta kamukono, kiti inalala nyuma, na moteur iko pale mbele yako inafuka moto. Kiti ya mbele ya kushoto ni yangu. Kashikishi yote inajua. Ile motoka niliinunua na samaki, bwana hakunipa, mutoto hakunipa, na kama niko ndani hakuna mutu anaikala pale kupita miye.

Makelele ilianza wakati mvua inaisha. Tulikuwa tunatoka ku bandari kwenda Mansa, nyuma imejaa chisense na bamama wa soko. Krrr-ta. Krrr-ta. Krrr-ta. Ilikuwa chini ya matako yangu kabisa.

« Unasikia? »

« Nasikia, maman. »

« Ni nini? »

Zéphirin hasemake « sijue ». Ile neno haiko mu kinywa yake. Akavuta midomo, akasema, « Ni nylon. »

Mu lac, bwato ikianza makelele, mara mingi ni kamba ya nyavu imejifunga ku ile chuma yenye kuzunguka mu mayi. Kila mutu wa bwato anaanzaka pale. Nikamuambia motoka haiko mu mayi. Akasimamisha tu, akalala chini mu vumbi, akaingia mupaka biatu tu njo binaonekana. Na akatoka na nylon! Mukono mujaa! Ya kweli, ya buluu, na ka kipande ka risasi ya nyavu ndani. Sababu ku bandari tunapitaka juu ya nyavu za batu, na gurudumu inaikamata. Bamama bakapiga bigelegele. Arlène akapaza sauti kule nyuma, « Mumeona mutu wa lac? Anavua ata chini ya motoka! Sasa tutosheeni na makobo! »

Tukapanda. Motoka ikatembea kiloko. Krrr-ta. Krrr-ta.

Zéphirin akakohoa.

« Bon, » akasema. « Kulikuwa nylon, na kuko kitu ingine. »

Akasimamisha tena. Akanishusha, akainua kiti, moteur inazunguka. Akakamata ngafi yake, anaendaka nayo fasi yote, akaitia pa moteur, mupini ku sikio. Kimya. Moteur iko naimba muzuri sawa mashini ya kushona. Akafunga kiti. Nikapanda. Krrr-ta. Akafungula. Kimya. Akafunga, nikapanda. Krrr-ta.

« Inatuona, » nikasema.

« Nini inatuona? »

« Moteur. Ikiona macho yako, inanyamaza. »

« Maman, moteur haina macho. »

« Basi niambie weye ni nini. »

Tulienda Mansa na krrr-ta, tukarudi na krrr-ta, na bamama ya nyuma bakaanza kuimba juu yake sawa ngoma.

Kesho yake nikamuambia tuende kwa Patson. Hakutaka. Patson ni fundi Mubemba wa Kashikishi, eko na garage ya kweli, na mashini ya kuunga chuma. Babili habapendane. Patson anamuitaka « ba captain », Zéphirin anamuitaka « docteur », na kila mumoja anafikiri ametukana mwenzake muzuri sana. Swahili ya Patson ni ya soko, anajua paka bei na matusi tu, lakini tunasikilizana.

Patson akainua kiti. Moteur kimya, inaimba. Akaiwasha, akaizima, akaiwasha. Akafunga kiti, akaenda nayo yeye peke yake mupaka kule boma na kurudi. Mi nimesimama mu jua namungoja.

« Ba mayo, injini ili bwino, » akasema na Kibemba yake: mama, injini iko salama. « Nzuri sana. Kelele hakuna. »

« Iko! »

« Wapi? »

« Chini yangu! »

Akaangalia chini yangu. Bafundi yake bakacheka. Akapanguza mikono, akasema, « Ba mayo, mimi natengeneza injini. Masikio sitengeneze. »

Mi Mama Félix, mutu wa kuambiwa vile! Kama ningepanda pale pale angesikia, najua sasa. Lakini hasira ilinikamata, nikatoka mu ile garage na miguu yangu. Nilitembea mupaka nyumbani mu lile jua. Zéphirin ananifuata pole pole na motoka, mulango wazi. « Maman, panda. » Sikupanda. « Maman, batu beko naangalia. » Baangalie. Na njia yote ile, ni kweli, motoka ilikuwa kimya. Niliisikia vile inanyamaza. Ilikuwa sawa inanichekelea.

Tulipofika, Zéphirin akazima, akabakia ku usukani.

« Maman, usikasirike. Ile makelele inakuya paka ukiikala weye, mutu mwingine hapana. »

« Unasema mi njo nalia krrr-ta? »

« Hapana, maman. Nasema, pengine ukiikala kiti ya nyuma… »

« Nilinunua motoka, Zéphirin. Sikununua kiti ya nyuma. »

Sijue nani alipeleka ile neno ku soko. Siku ingine nafika, bamama bote bananingoja. Arlène akapanda mu kiti yangu bila kuniomba, yeye ni mwembamba sawa fimbo ya kusukutulia mudomo. Zéphirin akawasha. Kimya. Akashuka, akanifungulia mulango sawa mi ni gouverneur. Nikapanda. Krrr-ta. Bamama bakaanguka chini na kucheka.

« Dada, » Arlène akasema, machozi inamutoka, « motoka yako iko nakuambia: shuka, umeneneka! »

Wengine hawakucheka. Mumoja akasema ile motoka mwenyewe wa kwanza amekufa kule ulaya yake, na hapendi mwanamuke mbele. Mwingine akasema bamenitupia kitu, niende kwa mutu anaombea. Mi ni mukristu, nikabaambia bafunge kinywa. Lakini siwezi kudanganya: nilianza kuikala ku makali ya kiti, pole pole, sawa mutu mwenye kuikala juu ya mayayi. Na ikalia vile vile.

Sasa Félix. Félix ni mutoto yangu wa kwanza, eko Lubumbashi, anauzishaka ntole, mabati ya nyumba. Alivuka kuniona. Akaikala nyuma, mi mbele, Zéphirin ku usukani. Krrr-ta, krrr-ta. Félix akashika kichwa.

« Maman, hii ni bielle. »

Bielle, vile alinifasiria, ni ile chuma yenye kupanda na kushuka mu tumbo ya moteur. Ikivunjika, inatoboa moteur, na motoka inakuwa nyumba ya kuku.

« Itakufia mu njia ya Mansa, na weye ndani, » asema. « Tuiuzishe wakati ingali inatembea. Niko na mutu, Ilunga, mucongomani wa Mansa. Atakuya siku ya posho, jumamosi. »

« Na miye nitaendaka Mansa na nini? »

« Utapumuzika, maman. Utakuya kuikala kwetu Lubumbashi. »

« Na Zéphirin? »

Félix akaangalia mayi kule inje. « Zéphirin eko na shamba ku Mantapala. »

Zéphirin alikuwa pale pale, anashika usukani, anasikia yote. Alipita shimo yenye anaiepukaka kila siku, akaingia ndani yake na magurudumu yote.

Ile magaribi Delphine akakuya kwangu. Yeye ni mwanamuke wa maneno kiloko. Akasimama ku mulango.

« Mama Félix. Batoto bamezoea masomo ya hapa. »

« Najua. »

« Ikala nyuma. Mupaka Félix arudi kwake. Asiposikia makelele, ataacha kuuzisha. »

Nilifikiri sana, musifikiri mi ni jiwe. Lakini kama ni bielle kweli? Ukikataa kusikia, ile chuma haitapona juu ya ile. Itatoboa tu, na ndani mutakuwa Zéphirin, na mi, na bamama. Nikamuambia Delphine hapana. Na tena, kiti ni yangu.

Mu ile juma Zéphirin hakulala muzuri, macho yake ilikuwa nyekundu sawa ya mutu wa moshi. Alibadilisha courroie, ule mukaba wa mupira wenye kuzungusha bitu mu moteur. Wa zamani ulikuwa umepasuka kweli. Akasafisha bougie, zilikuwa chafu kweli. Akakaza mabolti, yalikuwa mepesi kweli. Akakata mupira ya pneu ya gurudumu, akautia chini ya moteur sababu ule wa kwanza ulikuwa umekufa. Kila kitu alishika ilikuwa mubaya, na kila kitu alishika aliitengeneza, na kila mara anainua kiti, anasikiliza na ngafi yake, kimya, anacheka, ananiita. Napanda. Krrr-ta. Niliona mutu anazeeka mbele yangu. Mara moja nilimukuta ameweka paji la uso ku moteur, anasema nayo na sauti ya chini. Sikumuuliza anasema nini.

Siku ya posho ikafika. Félix aliniambia, « Maman, ubakie nyumbani, jua ni kali. » Akapeleka motoka ku bandari, na Zéphirin. Mi nikangoja bapotee, nikavaa kitambaa ya kichwa, nikaenda na miguu.

Nilikuta batu bamejaa, sawa siku ya samaki mingi. Ilunga ni mutu mukubwa mwenye tumbo ya heshima. Félix ameinua kiti, moteur iko naimba, Ilunga anaitikia na kichwa.

« Ii moteur ingali mutoto, » Ilunga anasema.

« Ingali, » Félix anasema.

Nikapita katikati yao. Nikashusha kiti na mukono yangu. Nikapanda, nikaikala na buzito yangu yote, sikuikala ku makali.

« Maman, shuka! »

« Zéphirin, washa vizuri. »

Krrr-ta. Krrr-ta. Krrr-ta.

Ilunga akarudi nyuma. « Ile ni nini? »

« Ni kitu kiloko, » Félix akasema.

« Ni bielle, » mi nikasema. « Mutoto yangu njo alisema. Motoka yangu haiuzishwe na bongo, na uongo. »

Batu bakacheka. Lakini ile kicheko haikunisaidia, sababu Ilunga akafikiri, akasema, « Basi nitaikamata sawa chuma ya kuvunja, » na Félix, mutoto nilizaa miye, akamupa mukono. Pale pale. Nikaona Zéphirin anatosha ufunguo pole pole, sawa mutu anafunga macho ya maiti.

Alafu akasimama. Akaangalia bwato yenye ilikuwa inapakia, bavuvi beko natia magunia, natia, natia, na mwenye moteur anangoja wamalize njo awashe. Aliangalia mupaka nikafikiri analia.

« Muniachie kiloko, » akasema. Akaenda, akarudi na gunia ya muhogo ya mutu, mwenyewe anakimbia nyuma yake anatukana. « Maman, shuka. »

« Sishuke. »

« Maman. Nakuomba sawa mutoto anaomba mama yake. »

Nikashuka. Akatupa ile gunia mu kiti yangu. Akawasha.

Krrr-ta. Krrr-ta. Krrr-ta.

Nilipiga bigelegele mwenyewe. « Munasikia? Siyo miye! Ni muhogo! Muhogo nayo inalia! »

« Basi weye na gunia muko buzito moja, » Arlène akasema, lakini sikumujibu, nilikuwa na furaha.

Zéphirin alikuwa anasema peke yake, mbio mbio. Asema mu lac hawajaribishake moteur na bwato tupu. Unapakia kwanza, alafu unasikiliza. Kila mutu anajua. Na yeye kila siku anainua kiti, anatosha buzito, alafu anasikiliza! « Mi ni punda, » asema. « Punda na kofia. »

Akaingia chini ya motoka na ngafi yake, gunia iko juu, moteur inazunguka. Akasukuma na ngafi toka chini. Kimya. Akaachilia. Krrr-ta. Akasukuma. Kimya. Patson alikuwa amekuya na yeye kuona mambo, sawa batu bote. Akashindwa kuvumilia, akalala mu vumbi na overall yake safi, miguu yake pembeni ya miguu ya Zéphirin.

« Ba captain, hapo hapo. Hapana injini. Kiti! Muguu wa kiti! »

« Naona, docteur, sukuma kichwa yako, unanifungia mwanga. »

Bakatoka bote babili na vumbi ku uso, bananionyesha. Chini ya kiti yangu kuko kisanduku cha chuma chenye kubeba kiti. Muguu mumoja wa kile kisanduku umekuliwa na kutu. Mutu mwembamba akiikala, unavumilia. Mutu mwenye mwili ao gunia ya muhogo ikiikala, unapinda, unashuka, unagusa poulie, ile gurudumu kaloko yenye kuzungusha courroie. Pale ulikuwa unagusa, chuma ilikuwa inang'aa sana. Na ukiinua kiti ili uone, kisanduku kinapanda nayo, haigusi tena kitu. Njo juu ya ile moteur ilikuwa kimya kila mara tunafungula.

« Docteur, » nikamuambia Patson, sababu nilitaka ajue nimejifunza jina, « masikio yangu? »

« Masikio ili bwino, ba mayo, » akasema. « Kiti njo mubaya. »

Umeme haikuwako, hakuweza kuunga chuma ile siku. Zéphirin akaomba kipande ya mubao ku batu benye kutengeneza bwato, akaichonga, akaipiga pale chini na nyundo. Nikapanda. Kimya. Arlène akapanda juu ya mapaja yangu. Kimya.

Sasa usikie vile mambo ya batu iko. Ilunga, aliposikia moteur haina kitu, akaitaka sana! Akamuambia Félix turudilie bei ya kwanza. Félix akanigeukia na uso ya muzuri.

« Maman, unaona, sasa tutaiuzisha vizuri kabisa. »

« Nani atauzisha? »

« Siye. »

« Siye ni nani? » Nikapanda mu kiti yangu, nikafunga mulango. « Zéphirin, bamama bananingoja. Twende. »

Zéphirin aliniangalia, akaangalia Félix. Alishika kofia yake na mikono yote mibili. Alafu akapanda. Ilunga alipiga pa dirisha, anasema bei, anaongeza, mi naangalia mbele. Tulitoka pale kimya kabisa, na Zéphirin akaanza kuimba, mubaya sana, na sikumukataza.

Njo vile hawajaiuzisha, na Zéphirin eko hapa, na batoto beko mu masomo. Lakini kichwa yangu haijatulia. Ilikuwa moteur ao haikuwa moteur? Kama haikuwa, ile courroie ya kupasuka na ule mupira wa kufa bilikuwa vya nini? Nikimuuliza Zéphirin, leo anasema, « Ni muguu wa kiti, maman, » kesho anasema, « Muguu wa kiti, lakini na mupira nayo ilisaidia. » Patson anasema mupira hausaidii kitu. Batu banasema ile kutu ililetwa na mayi ya samaki, sababu mi natiaka makobo ya muzuri mu barafu chini ya miguu yangu, pale hakuna mutu ataiiba. Banasema. Motoka ni mukubwa, mayi inapitaka fasi mingi.

Zéphirin mwenyewe leo ni mutu wa sifa. Batu banamuletea motoka za kulia, na yeye kabla ya kufungula kitu anauliza, « Nani anaikalaka fasi gani? » Anabaikalisha wote, wanene mbele, bembamba nyuma, na batoto juu ya mapaja, anaenda nao huku na huku. Mara ingine anapata, mara ingine hapati kabisa, na bado hajasema « sijue ».

Lakini Félix! Félix alirudi Lubumbashi na hasira, na kila akipiga simu asema, « Maman, ile ni bielle, mubao umeificha tu. » Asema atavuka tena mbele mvua haijaanza, na kama motoka ingali na ule mubao ataikamata yeye mwenyewe apeleke kwa Ilunga. Nikimuambia iko kimya, asema mi ni muzee, sisikie. Zéphirin akimuambia, asema anajitetea juu ya kazi. Arlène alimupigia, akacheka mu simu, akaharibu yote.

Sasa weye mwenye kusoma. Mukono inaniuma na sikuandika bure. Kuya Kashikishi, uulize nyumba ya Mama Félix mwenye kaminibus, bote banaijua. Kama uko munene, ni muzuri kupita. Panda, Zéphirin atakuendesha mupaka boma na kurudi. Sikiliza vizuri. Alafu ukamate simu, namba Delphine atakupa, umuambie Félix na kinywa yako kama umesikia nini. Na usicheke mu simu. Kuya upesi, sababu mawingu imeanza kusimama kule ng'ambo.